Utafiti Usiishie Kabatini



Wiki hii naomba twende pamoja hadi Buhemba, wilayani Butiama, mahali ambapo dhahabu imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Mchimbaji mdogo akishatoa mawe duarani huyapeleka kwenye karasha yasagwe, halafu huyaosha kwenye mwalo na kukamata dhahabu kwa zebaki. Kisha huichoma zebaki hiyo ili dhahabu ibaki. Moshi ule hauonekani kuwa na neno, lakini huharibu mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki.

Sasa tuseme Serikali imetoa fedha ili wataalamu watafute njia nyingine inayowafaa watu wa Buhemba. Fedha ni za mlipa kodi. Je, tutajuaje kwamba zitazaa matunda?

Tuanze na kwetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga pale Kongwa. Matrekta yalifika kabla ya majibu. Hakuna aliyelima kwanza shamba dogo la majaribio la kutosha, akaona jinsi udongo unavyokauka na kuwa mgumu kama saruji, na jinsi mvua inavyokosekana. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea.

Wenzetu wa Kenya walikutwa na jambo la aina nyingine. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari. Walilitengeneza, na mwaka 1990 magari ya mfano yalioneshwa hadharani. Shirika la kuyaunda kwa wingi nalo likaanzishwa. Lakini fedha za kiwanda hazikupatikana, na wananchi hawakuyapata magari hayo madukani.

Tofautisheni mambo hayo mawili. Kongwa walikimbilia kazi kubwa bila utafiti. Nairobi utafiti ulifanyika, lakini daraja la kuuvusha hadi kwa mtumiaji halikujengwa. Mradi wa Buhemba unaweza kuanguka kwenye shimo lolote kati ya hayo.

Dawa yake ni nini? Kwanza, fedha zitolewe kwa awamu, na kila awamu iwe na jaribio lake duarani na mwaloni, wala si maabara peke yake. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, hutumia boraksi badala ya zebaki. Ni jambo jema, lakini mwamba wa Benguet si mwamba wa Buhemba. Pili, fedha za awamu zifike kwa wakati. Mtaalamu anayengoja fungu miezi sita hupoteza vibarua aliowafundisha na imani ya wanakijiji. Tatu, bajeti ihesabu vipuri, mafunzo na bei ambayo mchimbaji ataimudu, maana mtambo usiotengenezeka Musoma utakuwa chuma chakavu. Nne, awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema, "Hapa tusimame."

Hilo la nne ndilo gumu kuliko yote. Ripoti zetu huandikwa kwa kumfurahisha mkubwa: kila kitu kinaendelea vizuri, mpaka siku kinapokufa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Utafiti ukitwambia kwamba njia fulani haifai, fedha hazikupotea. Tumenunua maarifa, na wa kesho hatarudia kosa. Kilichopotea ni fedha ya utafiti ulioshindwa kimyakimya, ukafungiwa kabatini.

Mama anayeosha marudio mwaloni huku mtoto yuko mgongoni hahitaji sherehe ya kukata utepe. Anahitaji kitu kinachofanya kazi mkononi mwake, au aambiwe ukweli kwamba bado hakijapatikana.

Hadi wiki ijayo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.