Radhi Iliyoombwa kwa Jirani



Nimetakiwa nizungumzie jinsi mtu maarufu anavyohangaika kusafisha jina baada ya kunaswa akitoa kauli za kibaguzi. Mifano ni tele. Nimechukua mmoja: Michael Richards, mchekeshaji wa Marekani ambaye wengi humjua kama Kramer wa tamthilia ya Seinfeld.

Ijumaa ya Novemba 17, 2006, alikuwa jukwaani katika ukumbi wa Laugh Factory, Los Angeles. Watazamaji weusi wakamkatisha. Badala ya kuwajibu kwa mzaha, ambao ndio ufundi wake, aliwaporomoshea matusi ya rangi na kuwakumbusha enzi za weusi kunyongwa mitini. Kumbe kuna mtu anarekodi kwa simu. Jumamosi Richards akapanda jukwaa lilelile kama kawaida. Jumatatu video ikasambaa, na usiku huohuo akaomba radhi. Siku hizo tatu tusizipite haraka: tusi halikumtoa ndani, video ndiyo iliyomtoa.

Akaombea wapi? Kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman, kwa setilaiti, rafiki yake Jerry Seinfeld akiwa mgeni studioni. Uso umemsawajika, sentensi hazifiki mwisho, mara katumbukia kwenye habari za kimbunga Katrina. Akasema yeye si mbaguzi (sijapata kumsikia anayesema ndiye). Watu studioni wakaanza kucheka! Ikabidi Seinfeld awaambie waache, hakuna cha kuchekesha. Mimi siwalaumu. Walikuwa wakimtazama Kramer, na Kramer alikuwa amewazoesha hivyo kwa miaka tisa.

Nasi tunaotumia Kiswahili tunajua kwamba radhi iko mkononi mwa aliyekosewa. Unamfuata mlangoni kwake, ikibidi na wazee. Wale waliotukanwa hawakuwa studioni kwa Letterman. Wawili kati yao, kupitia wakili Gloria Allred, walidai aje awaombe radhi ana kwa ana. Yeye alikuwa amemkodi Howard Rubenstein, bingwa wa uhusiano wa umma wa New York, kisha akaenda kujieleza kwenye kipindi cha redio cha Mchungaji Jesse Jackson. Mchungaji akageuka mshenga, ila mshenga ambaye upande wa pili haukumtuma.

Hasira ya umma nayo ikahama. Ilianza kwa mtu, ikaishia kwenye neno, lile tusi la rangi alilolitamka jukwaani. Mchekeshaji mkongwe mweusi, Paul Mooney, akatangaza kuliacha neno lile alilolitumia miaka mingi. Ukumbi wa Laugh Factory ukalipiga marufuku. Desemba ya mwaka huohuo mchekeshaji Damon Wayans, mweusi, alilitamka mara 16 kwenye jukwaa lilelile na kutozwa dola 320, yaani dola 20 kila mara, na kufungiwa miezi mitatu. Moto aliuwasha mweupe; bili ikapelekwa kwa mweusi.