Kazi ya Nyumbani Nayo ni Mchango

Mama anayeuza vitunguu sokoni huamka kabla ya jogoo: huteka maji, huandaa watoto, hupalilia shamba lenye hati ya jina la mume. Mume akiulizwa mkewe anafanya kazi gani, hujibu, "Yuko nyumbani tu."

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haisemi hivyo. Kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima ni mchango katika mali ya ndoa. Tena nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya mke. Nacho Kifungu cha 45 cha Katiba huwapa wote wawili haki sawa.

Basi wazee, kabla ya kutia sahihi, ketini na mama mshauriane.