Weka Bei Wazi



Msikilizaji wetu wa Milola, unauza mikeka? Unga wa muhogo? Korosho zilizobanguliwa? Basi simu yako ni genge. Na genge lisilotaja bei hupitwa.

Tunayaona matangazo mengi ya WhatsApp na Facebook. Picha nzuri, kisha, "Bei njoo inboksi." Mteja wa Lindi mjini hana muda huo. Anapita. Weka bei wazi.

Fanya hivi. Toa mkeka nje asubuhi, jua halijawa kali. Utandaze wote, rangi zionekane, pindo lionekane. Piga picha. Chini yake andika bei, urefu na upana, na nauli ya kuufikisha mjini analipa nani. Hilo la nauli ndilo linaloleta ugomvi, liseme mapema. Mteja akiuliza, mjibu siku hiyohiyo, hata kama mzigo umekwisha. Kesho atarudi. Narudia: weka bei wazi.

Ufuta na korosho ghafi usivitangaze WhatsApp wala Facebook. Hivyo vinapitia chama cha msingi cha ushirika, kwa stakabadhi ghalani, hadi mnadani.

Na ukiletewa ujumbe kwamba umelipwa, angalia salio kwanza. Salio halijaongezeka? Mzigo usitoke. Ujumbe wa kitapeli, ule wa "hela tuma kwenye namba hii", usiufute. Upeleke Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, namba 15040. Moja, tano, sifuri, nne, sifuri.