MGENI MWEUSI KATIKA SHULE ZA MISIONI



Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mwaka wa 1924 walifika Kenya wageni waliotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ili watazame jinsi Waafrika walivyokuwa wakifundishwa. Mkuu wao alikuwa Dr. Thomas Jesse Jones. Katika kundi hilo Mwafrika alikuwa mmoja tu, James Emman Kwegyir Aggrey, naye ndiye aliyevuta macho ya watu.

Yafaa kwanza kujua Bwana huyu alitoka wapi. Alizaliwa mwaka wa 1875 huko Anomabo, katika nchi ya Gold Coast, ambayo tangu mwaka wa 1957 huitwa Ghana. Alisoma katika shule ya misioni ya Kimethodisti mjini Cape Coast, akawa mwalimu huko huko, na mwaka wa 1898 akavuka bahari kwenda Marekani. Huko alisoma, kisha akafundisha, katika chuo cha Livingstone, jimbo la North Carolina. Basi alipoingia katika shule za misioni za Kenya, aliwatazama watoto waliokaa mahali alipopata kukaa yeye mwenyewe.

Wageni hao walitaka kujua mambo manne. Je, mtoto hufundishwa kulinda afya yake? Hufundishwa kuitumia vema ardhi ya kwao na kufanya kazi za mikono? Hufundishwa kutunza nyumba? Hufundishwa michezo na mapumziko yenye faida? Shule iliyokaririsha watoto maneno ya kitabu tu haikuwaridhisha.

Walakini wazazi wengi walikuwa na mashaka, wala hawakukosa sababu. Kenya ya siku zile ilikuwa nchi ya kipande. Tena miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu watu walipopigwa risasi Nairobi, walipokusanyika kudai Harry Thuku afunguliwe. Mzazi aliposikia jembe na randa zikisifiwa mno, aliuliza: Ikiwa mwanangu atapewa jembe, kalamu atapewa nani? Jibu la swali hilo lilikuwa limesimama mbele ya watoto: Mwafrika mwenye shahada ya chuo, ambaye hakuona haya kuisifu kazi ya mikono.

Aggrey alipenda kutoa mfano wa kinanda. Alisema kwamba mtu aweza kupiga wimbo wa namna fulani kwa vibao vyeupe peke yake, au kwa vyeusi peke yake, lakini sauti zipatanazo hutoka vyote vinapopigwa pamoja. Alisema pia kwamba amfunzaye mwanamume amfunza mtu mmoja, bali amfunzaye mwanamke aifunza jamaa nzima.

Matunda yalianza kuonekana upesi. Mwaka wa 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, chini ya James Dougall aliyekuwa mwandishi wa wageni wale. Hapo walimu wa vijijini walifundishwa pamoja na wake zao. Tarehe 1 Machi 1926 misioni za Kiprotestanti zilifungua Alliance High School huko Kikuyu. Mwaka wa 1927 kijana Peter Mbiyu Koinange alikwenda kusoma Hampton, Marekani. Na mwaka wa 1939, baada ya kurudi, akasimamia chuo cha walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa fedha za wananchi wenyewe.

Aggrey hakuyaona hayo yote, kwa maana alifariki New York mwaka wa 1927. Na neno lake juu ya mwanamke lilichelewa kusikiwa. Shule ya wavulana ilipofunguliwa Kikuyu, wasichana walingoja miaka 22, hata mwaka wa 1948, ndipo nao wakapata shule yao ya sekondari mahali hapo. Dada wangapi waliwafulia kaka zao nguo za shule katika miaka hiyo, na wao wenyewe wasipate kitabu?

Basi mzazi mwenye mwana na binti, na apigapo hesabu ya karo, akumbuke miaka hiyo 22.