Kazi na Dawa: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Habari za hisa na mikopo mweka hazina ameshazisoma. Mimi naomba niseme jambo moja tu, nalo ni mchezo.

Mnafahamu kwamba tukishafunga sanduku letu kwa kufuli tatu, huwa tunabaki nusu saa. Wengine wanacheza rede, wengine mdako, wengine wanaimba. Sasa limetolewa wazo kwamba nusu saa hiyo ifutwe, eti sisi ni watu wazima, tena wengine ni mabibi. Uamuzi ni wa wanachama wote. Lakini mimi nasema isifutwe, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, mwili na akili vinachoka. Mama wa hapa kwetu Singida anaamka alfajiri: maji, kuni, jembe. Wakati wa kuvuna alizeti ndio usiseme. Akikaa kidogo anaitwa mvivu. Mbona wazee wetu wanakaa chini ya mti na bao lao, mashimo 32 na kete 64, na hakuna anayewaita watoto? Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, naye alicheza bao. Wahenga walisema kazi na dawa. Hawakusema dawa ni ya wanaume peke yao.

Pili, mchezo unajenga kuaminiana. Sisi hatukopeshani kwa hati ya nyumba. Dhamana yetu ni kujuana. Mnakumbuka wenzetu wawili, mmoja alimdhamini mwenzake, mkopo ukachelewa, wakaacha hata kusalimiana. Tuliwaita kikao mara mbili, wapi! Siku moja kwenye rede wakapangwa kurusha, huyu huku na huyu kule. Basi, rede huwezi kurusha bila kumtazama mwenzako. Katikati alikuwa bibi mmoja, anakwepa kama msichana, wakashindwa kumpiga, wakaanza kucheka. Mpira haukulipa deni, jamani. Deni lililipwa kwa vitunguu msimu uliofuata. Lakini kwa kuwa walishaongea, waliweza kupanga namna ya kulipa.

Tatu, mchezo hauna umri. Kwetu bibi anamwita mjukuu "mume wangu", na mjukuu anamjibu kwamba mke gani huyu hana meno! Mtoto anajifunza kusema na mkubwa bila woga, na bibi anajiona bado ni mtu kati ya watu. Hata msibani watani huleta vituko mpaka mfiwa aliyekataa chakula anacheka na kukubali kula.

Wanaotukumbusha kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha wana haki. Kwa hiyo napendekeza tuandike kwenye katiba yetu: deni la mtu, ugonjwa wake na ndoa yake havitaniwi. Asiyetaka kucheza asilazimishwe. Mwenye mguu mbovu atuhesabie pointi.

Na tukirudi nyumbani tusiwanyime watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mzazi kuwa na wajibu wa kumpa mtoto nafasi ya kucheza na kupumzika. Mara nyingi kijana wa kiume anakwenda kwenye mpira, na dada yake anapewa ndoo. Hiyo si haki. Ndoo wazibebe wote wawili, na uwanjani waende wote wawili.

Ndugu zangu, fedha imetukutanisha, lakini si fedha peke yake iliyotuweka pamoja miaka kumi. Nawaombeni, siku ya kupiga kura, tuiache nusu saa yetu.

 Kidumu kikundi chetu!