Mfereji Ule Ule

Uamuzi wa Geneva mmeusikia. Klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu shambani, imeingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, orodha ya kemikali zinazotakiwa kuondoka duniani, ingawa matumizi kadhaa yameachiwa muda. Redio hii inaupokea uamuzi huo. Lakini Geneva ni mbali, na wasiwasi wetu uko hapa Mang'ola, wilayani Karatu, uko mferejini.

Mfereji unaomwagilia majaruba ya vitunguu ndio unaonywesha ng'ombe. Ndio mama anaochotea ndoo. Na jioni, kazi ya kupiga dawa ikiisha, ndio kijana anaosuuzia bomba la mgongoni. Mfereji ule ule. Tumelisema hili msimu uliopita, tumelisema msimu ule mwingine, na bado bomba linasuuziwa mferejini. Maji haya yanalishwa na nyanda za juu za Ngorongoro, yanachimbuka kwenye chemchemi za Qangdend, yanateremkia Ziwa Eyasi. Na Eyasi haina mto unaotoka. Hakuna bahari ya kutupokelea uchafu wetu.

Na kitu cha kuinasa sumu hiyo tunacho wenyewe. Tazama rundo la magunzi ya mahindi nyuma ya nyumba. Tazama maganda ya kahawa mashineni. Tunayatia kiberiti yakawa majivu. Gunzi likiunguzwa kwenye pipa lililobanwa hewa haliwi majivu, linakuwa mkaa wenye vitundu vidogo mno, na aina nyingi za viuatilifu hunasa humo. Mkaa wa jamii hiyo hutumika kuchuja maji ya miji mingi mikubwa. Nchini Sweden, tangu miaka ya 1990, wakulima wanaoshea vifaa vyao juu ya shimo lililojazwa mabua ya ngano nusu, robo udongo, robo mboji ya kinamasi. Kuvu wanaoozesha yale mabua huivunja na sumu pamoja nayo. Mabua ya ngano! Karatu hatuna mabua ya ngano?

Tuseme na upande wa pili, maana hapa watu wanaweza kuumia. Mkaa hauui sumu, unaishika tu. Ukishashiba haufai tena, na ole wake atakayeumwaga kwenye jaruba akidhani ni mbolea. Wala ndoo ya mkaa wa magunzi haifanyi maji ya mfereji yawe ya kunywa. Anayekuuzia maneno hayo mkatalie.

Na udongo ukishachafuka, kuusafisha ni kazi ya miaka. Kule Vikuge, Kibaha, shehena ya viuatilifu iliyokuja kama msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, DDT ikiwemo, iliachwa ghalani mpaka ghala likaanguka. Zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti waliikuta DDT bado imo ardhini. Ndiyo maana tunasema sumu ikamatwe pale bomba linapooshwa, kabla haijagusa mfereji.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Ngaramtoni. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru. Wataalamu wako hapa hapa Arusha, na barabara ya lami inafika Karatu. Waje wapime maji ya mfereji, juu ya mashamba na chini ya mashamba, kisha matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, mbele ya wanaoyachota. Waje watuambie mabua gani na mkaa gani unashika dawa zetu, na shimo likishajaa, kilichomo kipelekwe wapi.

Nanyi viongozi wa skimu, msingoje gari la serikali. Tengeni leo mahali pa kuoshea mabomba, mbali na mfereji, mbali na kisima. Kateni njia ya kijana anayeteremka mferejini na bomba mgongoni. Mabua mnayo, magunzi mnayo. Acheni kuyachoma! Yawekeni pakavu, wataalamu wakifika wayakute. Na jioni ya leo, ndugu mkulima unayenisikiliza ukitoka kupiga dawa, suuza bomba lako shambani, yale masuuzo yapulizie mazao yale yale. Mferejini usiende.