Siku Moja Katika Mbio za Magari ya Kale



Juma lililopita mzee mmoja alinikuta bandarini, akaniuliza, "Mwanangu, nasikia ulivuka bahari kwenda Mombasa kushindana kwa motokaa, nawe hukushinda. Basi ulifuata nini?" Sikuweza kumjibu pale pale, maana jibu lake ni refu. Jioni hii nataka kumjibu yeye, pamoja na wengine wote wanaojiuliza kama yeye.

Kwanza hapana budi nieleze mashindano haya ni ya namna gani. Asili yake ni mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari hayakukimbizana ubavu kwa ubavu kama ngalawa zetu. Kila gari liliondoka kwa zamu yake, na katika kila kituo palikuwa na karani aliyeandika saa ya kufika. Aliyechelewa alihesabiwa adhabu, na mwenye adhabu chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kwa hiyo adui wa dreva hakuwa dreva mwenzake. Adui wake alikuwa saa, na matope, na mito iliyofurika wakati wa masika.

Hapo mwanzo magari yalikuwa yale yale yauzwayo madukani, na wengi wa madreva walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, walioshindana kwa ridhaa yao bila ya mshahara. Wala msidhani ulikuwa mchezo mwepesi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakarudi 7 vile vile. Miaka yote miwili washindi walikuwa wale wale wawili, Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika gari la Peugeot 404. Kushinda mara moja katika balaa kama ile mtu aweza kukuita bahati. Kushinda mara mbili ni maarifa.

Madreva wakubwa wa Ulaya walikuja mwaka baada ya mwaka, pamoja na mafundi wao na magari yaliyotengenezwa makusudi viwandani. Lakini mpaka mwaka 1972, alipotokea Hannu Mikkola wa Finland, hakuna mgeni aliyeshinda. Waliowashinda walikuwa wakaazi wa nchi hizi. Bert Shankland, aliyekuwa akikaa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kujifunza ufundi katika gereji ya baba yake, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant, katika gari la Volvo lililokwisha kutumika na wengine kabla yao. Hawa hawakuwa na magari mepesi kuliko ya wageni. Walijua tu ni wapi pa kukanyaga mafuta na ni wapi pa kuondoa mguu.

Nami napenda sana khabari ya mwaka 1973. Mwaka ule Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliendesha gari la mbio la Datsun 240Z. Mwishoni yeye na Harry Källström wa Sweden walilingana kabisa kwa adhabu. Basi ikaangaliwa ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila ya kupata adhabu hata moja, na ushindi akapewa Mehta.

Tangu mwaka 2003 yamekuwako mashindano mengine yanayokumbuka zama zile, ya magari ya kale peke yake. Na wapenzi wa magari hayo, wasio na fedha za kwenda safari ndefu, hukutana wenyewe kwa wenyewe na kushindana siku moja kwa mtindo ule ule. Katika siku ya namna hiyo ndimo nilimokuwamo mimi.

Gari letu lilikuwa Datsun 240Z, la viti viwili, injini ya silinda sita, ndugu wa lile la Mehta. Binamu yangu, fundi wa magari kule Mombasa, alilinunua likiwa bovu, limelala chini ya mwembe, kuku wakitaga ndani yake. Alilitengeneza kwa muda wa miaka minne. Akipata fedha hununua kipuri, akikosa hungoja. Akiba yake yote imo humo. Lakini macho yake hayaoni mbali vizuri, kwa hiyo aliniomba mimi, niliyejifunza kuendesha lori la karafuu katika vilima vya hapa kwetu, niwe dreva, naye awe msomaji wa njia.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, sisi wa tano katika magari kumi na manne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mpaka saa tatu tulikuwa hatujapata adhabu hata moja. Ndipo tulipofika kwenye mto usio na daraja, maji mekundu yanapita kwa kasi.

Gari moja lilitupita, likajitosa kwa mwendo mkubwa. Maji yaliruka juu ya injini, nalo likazimika katikati ya mto. Binamu alitazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Nilishuka, nikakata fimbo ndefu, nikaingia mtoni kupima kina, kama mvuvi apimavyo kwa upondo. Upande wa juu maji yalikuwa ya magoti, na chini palikuwa na changarawe ngumu. Tukavua mkanda wa feni, ili feni isirushe maji juu ya waya za plagi. Tukafunika mbele ya gari kwa turubai. Nikaingia kwa gia ya kwanza, polepole, bila ya kuondoa mguu kwenye mafuta, ili maji yasirudi katika bomba la moshi. Tulivuka. Kisha tukatupa kamba, tukawavuta na wenzetu. Tulipoteza dakika kumi na mbili.

Laiti ningeweza kuishia hapo, mngeniona mtu mwenye busara. Lakini dakika zile ziliniuma. Nikasema moyoni mwangu kwamba nitazirudisha, nikakanyaga. Binamu alisoma kona moja, nami sikumsikia. Akasoma ya pili, nikaisikia imekwisha kunipita. Gurudumu la mbele likapiga jiwe, tairi likapasuka, na gari likateleza mpaka likasimama ukingoni mwa shimo. Ingalikuwa hatua mbili zaidi, miaka minne ya mtu ingalilala chini kule, na labda roho zetu pamoja nayo.

Mikono yangu ilitetemeka. Binamu alishuka, akalizunguka gari akilipapasa, kama mtu ampapasavyo mtoto aliyeanguka. Nilingoja anikaripie. Aliniambia maneno haya tu: "Kule mtoni ulikuwa dreva. Hapa ulikuwa abiria."

Tulibadilisha tairi, nikaendesha njia iliyobaki kama nilivyofundishwa katika lori. Magari tisa yalifika kabla ya magharibi, na sisi tulikuwa wa saba. Wale tuliowavuta mtoni walikausha waya zao, nao wakafika mbele yetu. Walitungoja wakatupa chai.

Basi mzee wangu wa bandarini, hilo ndilo nililolifuata, ingawa sikulijua wakati wa kuondoka. Nilidhani mashindano yatanionyesha gari lina nguvu kiasi gani. Yalinionyesha kwamba mtu yule yule, katika asubuhi moja, aweza kuwa mwangalifu mbele ya khatari anayoiona, na mpumbavu mara tu baada ya kuivuka. Mto haukunishinda, zilinishinda dakika kumi na mbili zilizokwisha pita.

Nami nasema haya kwa sababu wako madreva wanaonisikiliza, wanaopakia watu na mizigo kila siku kati ya Wete, Konde na Chake Chake. Wao hawapewi kikombe. Lakini kila mmoja wao hukutana na siku ambayo amechelewa bandarini, au amengoja abiria sana, na njia iliyo mbele yake ina kona, na pembezoni mwake watu wameanika karafuu, na watoto wanatoka chuoni. Dakika zilizopotea hazirudi kwa mguu wa dreva. Aziache nyuma, ashike usukani, aende. Mwenda pole hajikwai.

Gari la binamu yangu limesimama salama Mombasa, linangoja tairi jipya. Ameniambia kwamba nikitaka kuliendesha tena, kiti ni changu. Nami namwona ameshinda zaidi ya wote waliotutangulia.

Kwa herini.